Uso Mtupu na Unga wa Ngano

Mwezi wa sita, hapa Kolwezi, midomo hupasuka. Si yangu peke yangu, ni ya kila mtu. Asubuhi baridi inauma mpaka watoto wanakwenda shule wamevaa soksi mikononi, mchana jua linakausha kila kitu, na kutwa nzima malori ya madini yanatimua vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kila mtu ana kikopo chake cha mafuta mfukoni. Unapaka, unalamba, unapaka tena. Mimi tu ndiye nisiyeruhusiwa kulamba ovyo. Nimechoka kueleza kwa nini, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome.

Nina ugonjwa unaoitwa seliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinachoitwa gluteni, na kikiingia tumboni mwangu mwili wangu unaanza kuushambulia utumbo wake wenyewe. Chembe tu inatosha. Dawa hakuna. Kinachobaki ni kuacha, na kuacha kwenyewe ni mpaka siku nitakapozikwa.

Kabla sijajua jina hilo, nilipewa majina mengine mengi. Hapa kwetu tumbo lolote ni tifoidi, basi nikatibiwa tifoidi mpaka wauguzi wakanizoea. Halafu ikawa amiba. Halafu vidonda vya tumbo. Nilipokonda na viwiko vikajaa vipele vya maji vinavyowasha hadi nalia, watu wakaacha kutaja magonjwa wakaanza kutaja watu: jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, walisema, ndiye aliyeniroga. Mama mkwe akanipeleka kwenye maombi. Nikafunga, nikaombewa, na ajabu ni kwamba nilipona. Kanisa zima lilishangilia. Siku ya kufungua wakanipa chai na mkate mzuri wa moto, na kabla ya jioni nilikuwa nimejikunja chini tena. Wakasema shetani amerudi na wenzake. Hakuna aliyeutazama mkate, hata mimi.

Daktari aliyeujua ugonjwa nilimpata Lubumbashi, mwanamke mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza. Alinitoa damu, akanipitisha mpira kooni, akanirudisha nyumbani kungoja. Nilipoitwa tena aliniambia, "Mama, ni mukate." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona machozi hayakuwa ya kicheko. Miaka yote ile nilikuwa nikimwogopa jirani yangu bure.

Kuacha mkate ni rahisi kusema. Dilala, tunakokaa katika nyumba za zamani za kampuni ya madini, asubuhi inaanza na wauza mikate wanaopita mlangoni. Lakini bukari, ugali wetu wa mahindi, ndiyo iliyoniokoa. Mahindi hayana shida nami, wala mihogo, wala viazi vitamu. Jirani yangu yuleyule alinicheka juu ya ukuta: "Mukate gani inaua muntu? Siye tunakula kila siku, na tuko!" Nikamwambia ale na sehemu yangu. Nikanenepa kidogo, vipele vikanyauka, nikarudi kazini. Kazi yangu ni kukata tiketi kwenye ofisi ya mabasi ya kwenda Lubumbashi. Nimekaa dirishani, na msafiri anaona uso wangu kabla hajaona ratiba.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa kujipamba. Sijawahi kuona haya kwa hilo. Poda, wanja, rangi ya midomo nyekundu iliyoiva, mafuta ya mikono yenye harufu nzuri. Nilipopata nafuu, uso ndio kitu cha kwanza nilichojirudishia.

Basi mwaka jana, mwezi uleule wa midomo, nikaanguka tena.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza shule. Kitinda mimba wetu, binti, ndiye aliyebaki nyumbani. Wakubwa zake wana maisha yao mbali. Mume wangu anaendesha lori, na wakati huo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani. Tumbo likafunguka, nikatapika kila nilichomeza, nikapelekwa hospitali. Kwetu hulazwi peke yako. Lazima uwe na garde-malade, mtu wako wa kukupikia, kukuogesha, kukimbilia dawa, kulala chini ya kitanda chako. Wangu alikuwa yeye. Alitoka wodini akaenda kufanya mtihani, akarudi wodini kunisafisha, akajisomea kwenye mwanga wa korido. Siku ya hesabu nilipoteza fahamu asubuhi, na yeye hakwenda popote.

Asiyeijua nchi yetu hajui siku ya matokeo ilivyo. Yakitoka tu kwenye simu, mtaa unalipuka. Aliyefaulu anamwagiwa maji na kupakwa unga kichwani na usoni mpaka macho tu ndiyo yanaonekana, anapandishwa pikipiki, anazungushwa mjini kwa kelele. Zamani ilikuwa poda ya watoto. Siku hizi ni unga wa ngano, unaopatikana kila duka. Anayepita barabarani siku hiyo na uso mtupu, watu hawamuulizi kitu. Wanajua. Wanampa pole.

Binti yangu alirudi na uso mtupu. Aliweka begi lake, akanichemshia uji. Afadhali angenipigia kelele.

Nilimpigia daktari simu nikiwa na hasira. Nilimwapia kwamba sijagusa mkate. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, mi siulize unakula nini," akasema. "Nauliza unapakala nini."

"Napakala ku ngozi, docteur. Ngozi iko inakula?"

"Ngozi haikule. Kinywa njo kinakula. Sasa ile ya ku midomo inaenda wapi? Na bukari unakula na nini, shi na mukono?"

Nikautazama mkono wangu. Bukari huli kwa kijiko. Unaimega, unaifinyanga kiganjani, unaitia tundu kwa kidole gumba, unachota mboga. Na kiganja changu, hata baada ya kunawa, kilikuwa kinanukia mafuta yangu mazuri.

Nikamwaga vipodozi vyangu vyote mezani. Daktari alinifundisha maneno ya Kilatini ya kutafuta, triticum, yaani ngano, na wenzake, nikayakariri kama katekisimu. Mafuta ya mikono yalikuwa nayo. Na kile kikopo cha midomo, nilichokuwa nikikipaka kutwa nzima na kukilamba kutwa nzima, kilitengenezwa kwa mafuta ya kiini cha ngano. Hata Kilatini sikukihitaji. Juu ya kifuniko palichorwa suke la ngano, la dhahabu, zuri kabisa. Nilikuwa nimelitazama kila siku. Nilikinunua kwa ajili ya picha ile! Nilidhani ni ua la mbali, au nyasi fulani za Ulaya. Sisi ni watu wa mahindi. Ngano tunaijua ikiwa unga na ikiwa mkate, lakini shambani ikisimama sijawahi kuiona, na nikimuuliza yeyote hapa Dilala anichoree ngano atanichorea gunia.

Daktari hakuapa kwamba ni kile kikopo. Alisema huenda kulikuwa na kitu kingine, kwenye sahani ya mtu, kwenye chungu cha jirani. Lakini alisema kwa mtu kama mimi, kwa kiasi nilichokuwa nikilamba, haikuwa lazima kutafuta mbali. Nikakitupa. Halafu nikakitoa jalalani nikakikanyaga.

Hapo ndipo msako ulipoanza, na sikujua unachosha hivi. Nilikwenda sokoni nimevaa miwani. Nilichukua kila chupa, nikaigeuza, nikasoma mgongo wake. Wauzaji walitazamana. Mmoja akaanza kufunika bidhaa zake kwa kitenge.

"Mama, uko wa Leta?" akaniuliza. Alidhani nimetumwa na serikali kukagua.

"Hapana. Niko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini?"

"Ya mukate."

Akanihurumia kama wanavyonihurumia watu wanaodhani kichwa changu ndicho kinachoumwa. Akanipa mchanganyiko wake mwenyewe, krimu alizozikoroga kwenye beseni na kuzijaza kwenye vikopo vitupu vya kampuni nyingine. "Hii ni ya asili kabisa, mama. Nilitengeneza na mukono yangu." Nikamuuliza ameweka nini ndani. Akasema hiyo ni siri ya kazi. Siwezi kumlaumu, lakini siwezi pia kujipaka siri.

Vingine vilikuwa na maandishi ya Kichina tu. Vingine vilibandikwa karatasi ya bei juu ya maelezo, na ukiibandua yanatoka pamoja nayo. Kwenye duka la dawa walinipa rangi ya midomo ya watu wenye ngozi nyepesi kudhurika. Nilisoma, nikakuta shayiri. Dereva mmoja wa basi letu aliniletea nyingine kutoka Zambia, akaikabidhi kwa fahari kama mtu aliyeleta posa. Haikuandikwa kitu chochote zaidi ya jina la rangi. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini. Ipo mpaka leo, haijafunguliwa. Kuna siku naitoa, naigeuza chini juu, naitupia macho, nairudisha.

Nikaishi na uso mtupu. Mtu atasema si kitu. Hajui kwetu. Mwanamke mtu mzima asiyejipaka kitu, midomo imepauka, ngozi haina mafuta, ni mwanamke aliye kwenye kilio. Amefiwa na bado hajatolewa matanga. Dirishani kwangu wasafiri walianza kunong'ona. "Mama, nani alikufa?" Nikawa nawajibu, "Hakuna." Baadaye nikawa nasema, "Mujomba," ili tiketi zikatwe watu waende zao.

Kibaya zaidi kilinikuta kwenye ndoa ya mpwa wa mume wangu. Nilivaa kitenge kipya, kilemba kimesimama, uso mtupu. Mulamu wangu, dada wa mume, alinisimamisha mlangoni mbele za watu.

"Juu ya nini unakuya ku ndoa ya mutoto yetu na sura ya kilio? Unamuombea nini, huyu mutoto?"

Nikaanza kueleza. Ngano, gluteni, utumbo. Nilijisikia mjinga nikitaja utumbo mbele ya bibi harusi. Mulamu akanikata: "Acha, mama. Sema tu hautupende." Aliyenishika mkono alikuwa binti yangu. "Mama aende akae ku chini," akamwambia shangazi yake kwa heshima zote, "atachoka." Akaniketisha kwenye kiti cha pembeni, akakaa karibu yangu muda wote, wakati wenzake wanacheza. Hakuna mahali nilipoona haya kama pale. Nilitaka kulia, lakini nikaona nikilia watapata uhakika kuhusu kilio.

Baadaye tulijaribu kutengeneza chetu. Kuna mama mmoja anashuka na treni kutoka Kasaji na ndoo za asali, na ukimwomba anakupa nta yake. Binti yangu aliiyeyusha na mawese kwenye kisufuria ambacho hakijawahi kuona unga. Tukaimimina kwenye kikopo. Ilinifunga mipasuko, hilo siwezi kukataa. Ila ilinifanya midomo iwe ya rangi ya chungwa, na mume wangu aliporudi safari alinisogelea, akasita, akauliza kama kuna sombe, kisamvu cha mawese, jikoni. Tulicheka. Ni vile tu nilikuwa nataka nyekundu yangu, na nyekundu yangu sikuwa nayo.

Mwaka huu binti yangu alisajiliwa tena kwa mtihani. Mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani: kutoanguka. Wiki ile ya mtihani nilikula kwenye sahani yangu, nikanywa kwenye kikombe changu, sikumsalimu mtu kwa busu, sikuingia kwenye nyumba yenye chapati. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikamwangalia akienda, na kila jioni nilihakikisha ananikuta nimesimama. Hata siku nilizochoka nilisimama. Siku ya hesabu alinigeukia kwenye geti akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mlango umefungwa vizuri. "Enda," nikamwambia. "Niko muzima." Akaenda.

Matokeo yalitoka mchana. Nilijua kwa kelele kabla ya simu yoyote. Nikafunga madirisha yote, kwa sababu siku ile unga wa ngano unaruka hewani Dilala yote, na nikasimama nyuma ya kioo nikichungulia barabara yangu mwenyewe kama mwizi. Pikipiki zikapita, vijana watatu watatu, weupe kama kuta zilizopakwa chokaa jana. Kijana wa jirani akafika, mama yake akapiga vigelegele, akammwagia unga mwingine juu ya ule alioukuta. Simu ya binti yangu iliita bila kupokelewa.

Halafu nikamwona kwenye kona. Alikuwa anatembea, hakupanda pikipiki. Shati lake la shule lilikuwa jeupe safi, sketi ya buluu safi, nywele kavu. Uso mtupu.

Nikashika pazia. Nilifikiri, ameanguka tena. Nilimtazama akija na nikatafuta nilichokosea safari hii, siku gani nilionekana mgonjwa, usiku gani nilikohoa akaacha kusoma. Jirani alikatiza kigelegele chake alipomwona anapita, akamwambia neno juu ya ukuta, naye akaitikia kwa kichwa. Aliponifikia nilikuwa nimeshafungua mlango.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Pole ya nini?"

"Pole tu. Mwaka kesho."

"Mama." Akacheka. "Mi nilipita."

Sikumwelewa. Nikamgusa shavu. Lilikuwa baridi kwa upepo na halina kitu. "Na sura? Juu ya nini haukupakwa?"

"Balikuwa na unga ya mukate. Nilikatala. Balinifuata mpaka ku rond-point, nikakimbia." Akanyoosha mikono yake mbele yangu, akaigeuza pande zote mbili, kama ninavyogeuza chupa sokoni. "Hakuna hata kidogo. Angalia. Nilisema mama njo atanikumbatia wa kwanza."

Nikamkumbatia. Nilimbusu shavuni, kwenye paji la uso, kwenye nywele, kwa midomo yangu mikavu yenye mipasuko, na sikuogopa kulamba kitu.

Kisha nikamwacha hapo barazani, nikaenda jikoni kwenye mfuko wa unga wa bukari. Nikarudi na bakuli limejaa unga wa mahindi. Jirani akapiga kelele kwamba naharibu chakula, halafu alipoelewa akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika sokoni. Binti yangu alifumba macho. Nilimpaka paji la uso kwanza, halafu mashavu, halafu kidevu, taratibu, kama nilivyokuwa nikijipaka poda mwenyewe zamani.

Nikamuuliza watu walimwambia nini njiani. Kutoka shuleni mpaka kwetu ni Dilala nzima.

"Balikuwa bananiambia pole," akasema, macho bado yamefumbwa. "Njia yote. Hata ba mama ya ku soko. Mumoja alilia."

"Na weye uliwajibu nini?"

"Niseme nini, mama? Nilisema aksanti."